Mashine ya Vyombo Haitengenezeki

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mashine ya kuoshea vyombo imekufa. Saa moja asubuhi nimebonyeza kitufe, ikaguna mara mbili kama ng'ombe aliyegoma kunyanyuka, ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza. Maji yamebaki ndani. Rangi ya maji hayo sitaiandika.

Basi, shajara ni yangu, nitaiandika. Meusi.

Jana Stephania alikuwa zamu hospitali. Kabla ya kutoka aliniachia kazi moja tu: nioshe viazi vitamu, lile nusu gunia nililonunua Zagayu nilipokwenda kikazi, kisha nivichemshe. Sasa viazi vya Zagayu huja pamoja na shamba lao. Udongo mweusi wa mbugani, ukikauka ni jiwe, ukilowa ni gundi. Na mpira ulikuwa unaanza saa kumi. Nikatazama viazi. Nikatazama mashine. Kiazi kina tofauti gani na kikombe? Nikavipanga kwenye nafasi za sahani, kimoja kimoja, nikabonyeza. Vilitoka vinang'aa! Nilijisifu mpaka mapumziko.

Leo Stephania ameona taa nyekundu, ameuliza imekuwaje. Nimejibu kwamba ni uzee. Akaniangalia. Akauliza uzee wa nani.

Mambo mawili yananibana. La kwanza, Anna aliyekuwa anatusaidia kazi za nyumbani aliporudi kwao Nkoma kuolewa, mimi ndiye niliyesema hatuhitaji mtu mwingine kwa kuwa tuna mashine. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya wageni. La pili, Jumamosi hii jumuiya inasali kwetu. Watu arobaini, na chakula. Stephania anatajwa kuwa mwenyekiti mpya. Na Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, niliwatangazia akina mama kwamba kwangu hakuna atakayelowesha kidole. Mashine itaosha yote.

Stephania ametoa uamuzi: mpaka mashine ipone au ije nyingine, aliyesema hatuhitaji mtu ndiye atakayeosha vyombo. Nimemwambia jambo hili lina utaratibu wake. Mimi ni afisa manunuzi. Kutengeneza au kununua nyingine ni suala la tathmini, nukuu tatu za bei, kisha maamuzi. Akasema sufuria la ugali halisubiri nukuu tatu.

Nimeosha sufuria la ugali.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemleta fundi Masunga mchana, Stephania akiwa kazini. Masunga anatengeneza pampu, friji, redio, na juzi alitengeneza kiti cha kinyozi. Alisalimia kwa Kisukuma, mwadila, nikajibu mhola, akaizunguka mashine mara mbili huku mikono ipo mgongoni kama anachagua dume mnadani. Aliuliza hii ni friji ya namna gani isiyopoza. Nikamweleza. Akauliza nyumba hii ina watu wangapi. Nikasema wawili, mtoto wetu Goodness yuko bweni. Akauliza watu wawili wanachafua sahani ngapi. Nilimwomba aendelee na kazi.

Akafungua chini, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa. Ulikuwa umevaa soksi nyeusi ya udongo.

"Bosi," akasema, "hiki kitu hakijafa. Kimeshiba."

Alisema nimpe saa moja na ndoo. Ataisafisha, atarudisha pampu, itafanya kazi leo leo.

Hapo ndipo nilipoona hatari. Ndoo moja ya udongo katikati ya jiko langu! Stephania anarudi saa tisa na nusu. Mke wangu kwao ni Nkoma, amekulia kwenye udongo huo, atautambua hata akiwa amefumba macho. Kutengeneza mashine ni kukiri kosa. Kununua mpya ni kulizika.

Nikamwambia Masunga asitishe kazi. Kwamba kwa maoni ya kitaalamu, mashine haitengenezeki. Akasema lakini inatengenezeka. Nikasema kiutaratibu haitengenezeki, na ningeshukuru akiniandikia hivyo kwenye karatasi, mstari mmoja na sahihi. Masunga alinawa mkono taratibu, akajifuta kwenye suruali. Akasema ameandika mengi maishani, ila hajawahi kuisingizia mashine ambayo haikumkosea.

Akaenda zake. Nauli alikataa.

Stephania aliporudi nimemwambia fundi amekuja, ameichunguza kwa kina, amesikitika sana, amesema haitengenezeki. Akauliza fundi gani. Nimesema Masunga. Akasema, "Pole, Baba Goodness." Pole hiyo sikuielewa.

Sahani saba, vikombe vinne, chungu cha mlenda.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Saa nne, nikiwa ofisini, nimesikia kwamba friji moja ya hospitali imeharibika na fundi aliyeitwa ni Masunga. Masunga na Stephania chini ya paa moja! Nimeomba ruhusa, nimesema ni dharura ya kifamilia, na kwa kweli ilikuwa hivyo. Nilikodi bodaboda mpaka hospitali.

Nimemkuta Masunga nyuma ya jengo la dawa, amekaa kwenye kasha, anakula muhogo. Nikamkaribisha chai kwenye mgahawa wa mbali, tena ule wa upande wa pili wa barabara. Akasema hana haja, kazi imeisha. Nikamuuliza kwa mzunguko kama amekutana na muuguzi yeyote. Akasema amekutana nao wengi, ni hospitali. Nikamuuliza moja kwa moja. Akasema ndiyo, mama amemsalimia vizuri, amemuuliza kuhusu mashine.

 Nikauliza amejibu nini.

Amejibu, "Kamuulize mumeo."

Huyu ni mtu mwadilifu! Nilitaka kumkumbatia. Nikamshukuru sana. Akasema nisimshukuru, hakufanya kwa ajili yangu. Kwao Kimali mtu haingii kwenye zizi la mwenzake bila kuitwa.

Jioni Stephania alikunja nguo karibu saa nzima. Mara mbili aliuliza kama kuna jambo lolote ningependa kumwambia. Nilifikiri. Nikamwambia bei ya pamba imepanda kidogo.

Baadaye nimepiga simu Mwanza kwa mama mmoja anayeuza mitumba ya vifaa vya nyumbani. Mashine ya vyombo hana. Hata ya mwisho aliyokuwa nayo alimuuzia mtu anayeitumia kufugia kuku. Akasema nisubiri kontena, mwezi, mwezi na nusu. Nimeandika kwenye jedwali langu: nukuu ya kwanza, haipo. Nukuu ya pili na ya tatu sina pa kuzitafuta.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata njia. Ushahidi hauna budi kuondoka.

Abdulrazak ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, afisa ardhi, mtu wa Tanga. Familia yake iko huko, yeye anaishi peke yake na sahani mbili. Mwaka jana mhandisi mgeni wa mradi wa maji alipokuwa anauza vitu vyake ili arudi kwao, mimi na Abdulrazak wote tuliitaka hii mashine. Nikamzidi kete kwa kufika saa kumi na mbili asubuhi, mhandisi akiwa bado kwenye taulo. Abdulrazak alinipongeza kwa maneno matamu ya kipwani. Tangu siku hiyo kila akipita hunisalimia halafu huiulizia na mashine, kama mtu anayemuulizia mgonjwa.

Leo nimemwendea mwenyewe. Nimesema tunabadilisha, tunachukua kubwa zaidi, ya kisasa, kwa hiyo kama bado anaitaka hii ya zamani aichukue kwa bei ya jirani. Akauliza inafanya kazi? Nimesema ina uchovu. Akatabasamu. Akasema, "Bwana Damas, uchovu si ugonjwa." Akalipa hapo hapo bila kubishana. Mtu wa Tanga asiyebishana bei! Nilipaswa kushtuka.

Tumeibeba kwa toroli kupitia mlango wa nyuma. Maji meusi yalimwagika njia nzima. Nikayafukia kwa mchanga.

Stephania amerudi, ameona nafasi tupu jikoni, na mraba wa vumbi sakafuni. Nimesema nimewauzia watu wa vyuma chakavu. Akauliza mpya iko wapi. Nimesema iko njiani. Njia gani? Ya Mwanza. Akasema Jumamosi ni keshokutwa. Nikasema barabara ya Mwanza ni ya lami yote.

Hakucheka. Alichukua ufagio, akafagia mraba ule polepole, akazima taa ya jikoni mimi nikiwa bado ndani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu. Nimekwenda viwanja vya Nyakabindi nikiwa na matumaini. Maonyesho yote yale, teknolojia zote zile, lazima kuna banda lenye kitu cha kuosha. Nimeona trekta. Nimeona mbegu za pamba, mizinga ya nyuki, ng'ombe dume mwenye utepe. Nimemuuliza kijana wa banda moja kama mashine yake ya kuoshea karoti inaweza kuosha sahani. Akauliza sahani za aina gani. Nikasema za udongo. Akasema basi zitatoka vipande, ila visafi.

Wakati wa kutoka, ufumbuzi! Mama mmoja anauza sahani za karatasi, hamsini kwa furushi. Zinatumika, zinatupwa. Hakuna kuosha. Hakuna mashine. Hakuna maswali. Nimechukua mafurushi mawili, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Stephania amezigusa, amezikunja kidogo kwa vidole viwili, ameuliza kama zinabeba mchuzi. Nimesema ni teknolojia mpya. Akaenda kuchagua mchele.

Saa kumi na moja jioni, nikiwa uani nafunga turubai la kesho, nimesikia sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. Vuuuu. Halafu maji, shwaa. Halafu vuuuu.

Sauti hiyo naijua. Nimeishi nayo mwaka mzima.

Nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia. Abdulrazak amekaa kibarazani na kahawa. Pembeni yake Masunga anafunga begi la vifaa. Abdulrazak akaniona kichwa, akainua kikombe. Akasema fundi ametumia dakika arobaini. Nikamjibu kwamba nafurahi kwa ajili yake. Ndoo ikateleza.

Goti la kushoto linauma.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike haraka kabla aibu haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuipamba.

Sala imekwenda vizuri. Stephania amechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya, kura zote isipokuwa mbili, na moja ni ya kwake mwenyewe. Mzee Machibya, mwenyekiti anayemaliza muda, alivaa suti yake ya rangi ya maziwa. Chakula kikatoka: wali, nyama ya mchuzi, maharage, kabichi. Nilisimama mwenyewe kugawa sahani za karatasi. Nilitoa maelezo mafupi kuhusu usafi wa kisasa.

Dakika tatu. Zilikuwa dakika tatu tu. Sahani ya Mzee Machibya ilianza kuinama kama mtu anayesinzia, halafu katikati ikafunguka, na mchuzi wote ukashuka kwenye suti ya maziwa. Akasema, "Ee, Mungu wangu," bila hasira, kama mtu aliyelitarajia hilo. Baada yake zikaanguka nyingine, huku na huku, pap, pap. Watu wamesimama na wali mikononi.

 Stephania aliingia ndani, akatoka na beseni. Sahani halisi, arobaini, zimefutwa, zimepangwa. Aliziazima jana kwa akina mama wa jumuiya, akazificha chini ya kitanda chetu. Juu yake nililala!

Wakala, wakashiba. Kisha zikabaki sahani arobaini chafu na sufuria sita. Akina mama wakaanza kukunja mikono ya magauni. Mmoja akauliza mashine iko wapi, ile ya kutolowesha kidole.  Nikafungua mdomo, nikiwa sijui kitakachotoka.

Stephania akanitangulia. Alisema mashine ipo, ipo kwa jirani, na jirani ameshatoa ruhusa.

Basi wakatoka, mstari mrefu wa akina mama wenye mabeseni kichwani, kupitia geti letu kuingia geti la Abdulrazak, kama msafara wa mahari. Sikuweza kubaki. Nilibeba sufuria moja, nikafuata nyuma. Abdulrazak alikuwa amevaa kanzu safi, anawakaribisha kwa karafuu kwenye chai. Aliwaeleza vitufe kimoja kimoja. Vitufe vyangu! Mzee Machibya alikalishwa mbele kabisa ili aone. Mashine ikawaka, vuuu, akina mama wakapiga makofi.

Masunga naye alikuwepo. Na pembeni ya mlango kulikuwa na ndoo. Abdulrazak akaiinua ili wote waone. Udongo mweusi, ndoo nzima mpaka shingoni, na juu yake kipande cha kiazi kitamu, kisafi kabisa, kinang'aa.

"Jirani," akasema kwa upole wote wa Tanga, "humu ndani ulikuwa ukilima?"

Walicheka mpaka Mzee Machibya akashika mbavu na kusahau suti yake. Hata Masunga alicheka, na yule huwa hacheki. Mimi nilicheka pia kidogo, kwa kuwa sikujua la kufanya na uso wangu.

Stephania peke yake hakucheka.

Tuliporudi, watu wote wameondoka, alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Nikaanza kueleza. Akaniinulia mkono. Alisema alijua tangu Jumapili. Alipofika nyumbani akafunua sufuria, akaona viazi visafi kuliko alivyowahi kuviona katika ndoa yetu ya miaka kumi na minne. Hata ndani ya mikunjo. Akajua sikuviosha mimi.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Jumatatu nikakungoja. Jumatano nikakuuliza mara mbili, ukaniambia bei ya pamba."

Alisema mashine ni chuma, ingetengenezwa kwa saa moja. Kinachomsumbua ni kwamba leo wamempa jumuiya nzima aiongoze, watamletea siri zao na shida zao, na nyumbani kwake mwenyewe mume hawezi kumwambia kwamba ameosha viazi kwa mashine. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nikaanza kukusanya viti.

Jumapili, 10 Agosti

Misa. Tumekaa benchi moja, katikati yetu nafasi ya mtu mmoja mnene.

Baada ya chakula nimemwambia yote, kuanzia mpira wa saa kumi mpaka maji niliyoyafukia kwa mchanga. Hata habari ya kumwomba Masunga aandike uongo. Alisikiliza akimenya chungwa. Nilipomaliza aliuliza kama kuna kingine. Nikafikiri kwa dhati. Nikasema niliteleza kwenye ndoo. Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza wiki hii. Alicheka mpaka chungwa likamponyoka. Akaniomba nimwonyeshe goti.

Tumekubaliana. Hatununui mashine nyingine, na ya Abdulrazak ibaki kwa Abdulrazak, anaihitaji zaidi, ana upweke. Pesa aliyolipa itafidia suti ya Mzee Machibya. Vyombo nitaosha mimi mpaka Krismasi. Stephania atatafuta mtu wa kutusaidia baada ya hapo, akiona nafaa kupumzishwa. Na nimeahidi, kwa mkono juu ya meza, kwamba kuanzia leo jambo likiharibika mikononi mwangu nitasema siku hiyo hiyo. Dogo au kubwa. Kabla jua halijazama.

Nimepita kwa Masunga kumwomba radhi. Alikuwa anatengeneza feni. Alisema mhola, hakuna neno. Akanipa ushauri wa bure kuhusu viazi: maji, beseni, mikono.

Najisikia mwepesi. Ukweli ni kitu kizuri sana. Nashangaa sikuwahi kuutumia.

Jumanne, 12 Agosti

Wiki ya pili ya kuosha kwa mkono, na niseme tu kwamba nina kipaji. Nimegundua mfumo: vikombe kwanza, sahani baadaye, vyenye mafuta mwisho. Ofisini nimewafafanulia wenzangu.

Leo nilikuwa naosha vyombo vya mwisho vilivyoazimwa, vile vikubwa ambavyo havikuingia kwenye mashine, ili Stephania avirudishe kesho. Vyote salama. Isipokuwa bakuli kubwa la kauri la Mama Felisita wa jumuiya, lenye maua ya bluu, ambalo nasikia alipewa na marehemu mama yake. Lilinitoka mkononi. Halikuvunjika! Limepata ufa. Ufa mwembamba, kama unywele, kutoka ukingoni mpaka kwenye ua la pili. Asiyetafuta hataona.

Nilitaka kusema. Nilikwenda mpaka mlango wa chumba. Stephania alikuwa anaandika ratiba ya jumuiya, amefurahi, anaimba kwa kunong'ona. Nikaona si busara kuharibu jioni nzuri kwa jambo ambalo kitaalamu bado halijaharibika. Ahadi ilisema "likiharibika". Nimeisoma tena hapo juu. Ndivyo ilivyosema.

Akauliza kutoka chumbani kama vyombo vyote vya watu viko salama. Nimejibu viko safi.

Bakuli nimelificha kabatini, nyuma ya unga. Nitasema Mama Felisita ameomba tukae nalo mpaka wiki ijayo. Ijumaa gari la ofisi linakwenda Mwanza, na kule kuna maduka matatu ya kauri ninayoyafahamu. Nukuu tatu, utaratibu kamili. Nimeshajaza fomu ya safari. Penye sababu nimeandika: kazi maalumu.